Sala Niliyosali Bila Kiti

Kocha Badi,

Sala yako ya jeneza ndiyo ya kwanza niliyosali bila kiti tangu niache mpira. Haina rukuu wala sijida, watu husimama tu, na kusimama goti langu linaweza. Nilikuwa safu ya mbele, bega kwa bega na mwanao Athmani.

Kisha imamu akageuka, akatuomba tukusamehe. Msikiti mzima ukaitika, "Tumemsamehe." Mimi nilinyamaza, na Athmani akaniona.

Wiki mbili sasa, kila nikipita mtaani kwetu Kuze naambiwa nikushukuru, eti bila wewe nisingekuwa profesa wa uhandisi wa ndege. Maneno hayo uliwafunza wewe. Kila likizo nilipokuja kukuamkia ulinimiminia kahawa, ukawaambia wageni, "Goti lake lingekuwa zima, leo angekuwa ashasahauliwa." Walicheka, nami nikacheka nao. Nilikuwa nikingoja waondoke uniambie neno moja la kuniomba radhi. Hukusema.

Siku ile ya fainali nilikuambia goti halinibebi. Ulijua, maana ulikuwa ukilikanda mwenyewe kwa maji ya chumvi barazani kwenu, polepole, kama mama. Hata hivyo ukamwita mtu wa sindano. "Dakika tisini tu, mwanangu. Utapumzika kesho." Goti likafa ganzi, nikacheza, kombe ukalibeba. Kesho yake sikuweza kushuka kitandani. Nilikuwa mchezaji wa kulipwa, Kocha, na sikuwa na kitu kingine nilichokipenda.

Ndege nilizipenda baadaye sana, kwa kukosa pa kwenda. Kila mwaka nawafundisha wanafunzi kwamba bawa lenye ufa halipakwi rangi likarushwa. Hapo huwapa mgongo, nikajifanya natafuta chaki.

Jana Athmani alikuja kwangu. Hakugusa kahawa. Aliniuliza kama nimekusamehe, apate kumwambia mamake. Nikamjibu, "Kesho." Nilipolisikia neno hilo kinywani mwangu niliona aibu.

Basi nakuahidi, sitamwambia Athmani "kesho" tena. Siku nitakayokusamehe nitakwenda kwenu kwa mguu huu huu, nimwambie. Isipofika, nitamwambia hilo pia.

Kwaheri, Kocha. Ungekuwa mtu baki, ningeitika pale pale msikitini na wenzangu.