Mijusi wa Baba Hawataki Mchanga

Duka la Bakili,
S.L.P. 47,
Mbinga.
11 Agosti, 2002.

Mpendwa mdogo wangu Azizi,

Assalaam aleikum. Hujambo wewe? Wifi yangu Hasna hajambo, na yule mtoto ameshaacha kukohoa? Sisi huku wazima, ila baridi ya mwaka huu imetukamata vibaya. Alfajiri maji ya kutawadha yanauma mpaka kwenye mifupa, na wateja wanaingia dukani wamejifunga mablanketi. Baba hajambo. Macho yake ni yale yale, mtoto wa jicho yupo pale pale, lakini sauti anayo na anaitumia.

Barua yako nimeipata pamoja na zile karatasi ulizochapisha kwenye intaneti. Nakushukuru, najua ulihangaika. Basi shukrani zimekwisha, sasa nina neno na wewe.

Unakumbuka Baba alivyokuja kwangu. Nilipomfuata Chiwanda baada ya kuungua mkono akijipikia chai, alikataa kuondoka mpaka awabebe wale mijusi wawili waliokuwa wakishinda nyuma ya kioo chumbani kwa marehemu Mama. Ni mijusi kafiri hawa hawa wa ukutani, weupe, wenye macho makubwa, ambao usiku huitikiana tk-tk-tk. Mama alipokuwa hawezi kuinuka kitandani, wao ndio waliomchekesha. Mmoja alimpa jina la Shemeji, kwa kuwa hakosi wakati wa chakula. Nikasafiri kutoka ziwani hadi huku milimani na kopo la maziwa ya unga lililotobolewa matundu juu ya magoti yangu, mimi ninayemkimbia mjusi tangu utoto, nawe unanijua.

Tulipofika Baba alisema neno moja tu: hawa wakifa, hana cha kumkalisha Mbinga, atarudi kwenye nyumba yake. Na kurudi ni kurudi peke yake, kwenye moto asiouona. Ndiyo maana nilikuandikia unitafutie ushauri wa kuaminika. Sikuandika kwa mapenzi ya mijusi, Azizi, niliandika kwa ajili ya Baba.

Maana hapa mjini nilishauliza mpaka mdomo umechoka. Kuua mjusi kila mtu ni fundi. Bi Mwanahamisi wa nyumba ya pili alikuja na ufagio kabisa, akanikumbusha kwamba kumuua kuna thawabu, akashangaa nyumba ya Mwislamu inamlisha. Baba akamjibu kutoka ndani, "Thawabu hizo nakuachia wewe, mwanangu. Mimi nitazitafuta kwingine." Mama Kunigunda, anayetuletea maharage kutoka Matiri, yeye alinisihi nifunike vyungu, eti mjusi akidondokea mboga ukoo mzima unakwisha. Nikamwambia ninachouliza ni anakula nini, siyo nani atakufa.

Nikamwita bwana mifugo, Bwana Kilian. Alikuja na pikipiki yake, akavaa miwani, akamtazama Shemeji kwa muda mrefu, halafu akaniuliza kama ameshapewa dawa ya minyoo. Nikamuuliza kwa kipimo gani. Akasema tukadirie kwa kifaranga cha kuku. Nilimfungulia soda, akanywa, akaenda zake.

Na hii biashara huria ndiyo imetumaliza. Siku hizi maduka ya dawa za mifugo yamejaa kuanzia stendi hadi sokoni, kila mmoja ana kitu cha kuuza na hakuna anayejua kinatibu nini. Muuzaji mmoja alitaka nichukue vitamini za kuku wa mayai. Aliapa kwamba zinafaa kiumbe chochote chenye mkia.

Ndipo zikaja karatasi zako. Hivi, Azizi, ulizitazama kabla ya kuzitia kwenye bahasha? Mwalimu Hyasinti alikaa dukani jioni nzima akinitafsiria Kiingereza chote, neno kwa neno: mchanga mkavu, joto litoke chini, maji kwenye kibakuli. Nikatoa mandazi kwenye kabati la kioo, nikajaza mchanga, nikawasha kibatari chini ya bati, nikawafungia humo wote wawili. Siku ya nne nikamkuta mwenzake Shemeji amekufa, amekauka, na kibakuli kimejaa maji.

Hapo sasa ndipo nilipoitazama picha yako vizuri. Mjusi wa karatasi ana kope, anafumba macho, na vidole vyake vyembamba ni vya kutembea chini. Kwao ni jangwani huko Asia. Wa Baba hana kope, anashinda ukutani, na maji anayalamba kwenye matone, kibakuli hakijui. Ni mjusi mwingine kabisa! Mtu anakuuliza malezi ya mbuzi, wewe unamtumia ya punda. Nililia, sikufichi, na sikuwa namlilia mjusi.

Baba sikumwambia. Lakini yeye macho hayaoni, masikio yanasikia. Usiku ule alikaa akingoja sauti ya pili iitikie, haikuitikia. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Asubuhi nilimkuta anakunja mkeka wake, ananiuliza gari la ziwani linaondoka saa ngapi. Nilimsihi angoje kwanza tujue kama Shemeji naye ataishi, akakubali, ila kila asubuhi aliukunja tena ule mkeka.

Nikazitia karatasi zako jikoni, moto ukawaka vizuri. Nikamfungulia Shemeji kabati aende anakotaka. Akaenda nyuma ya friji la soda, lile la mafuta ya taa, pale kwenye bomba la moshi ambapo pana joto usiku na mchana. Wadudu wanaofuata karabai wanamfikia hapo hapo. Mimi kazi yangu ni kunyunyiza maji ukutani jioni na kumjibu Baba. "Yuko wapi?" "Juu ya rafu ya sabuni, Baba." "Amekula?" "Amekula." Imefika mahali namtafuta kwa macho hata kabla sijaulizwa.

Ila dawa ya mbu ya kupuliza haiuziki tena humu. Baba anasema itamuua Shemeji, kwa hiyo anakaa mlangoni na kuwashauri wateja wangu wakanunue vyandarua kwa jirani. 

Sasa juma lililopita nilisogeza friji nifagie, nikaona mayai mawili madogo, meupe, ukubwa wa punje ya mbaazi, yamegandia ukutani. Kumbe Shemeji ni mwanamke! Nikamshika Baba mkono, nikamgusisha kwa ncha ya kidole. Akacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu tumzike Mama. Akaniambia nimtandikie mkeka wake, hawezi kusafiri akayaacha mayai hayajaanguliwa.

Tangu siku hiyo kila anayeingia dukani anaulizwa mayai ya mjusi hukaa muda gani. Bwana Kilian akajibu wiki tatu, sawa na ya kuku. Nikamwambia Baba huyo ujuzi wake ni wa ng'ombe tu, asimsikilize. Mwalimu Hyasinti akasema miezi miwili, na kwa baridi hii huenda hata mitatu. Huyo nilimpa soda mbili.

Nisalimie wifi Hasna na watoto, na Mjomba Abdulazizi ukimwona. Bi Mwanahamisi anakusalimu, siku hizi anakuja bila ufagio. Mwenyezi Mungu awafunike kwa rehema zake huko mliko, na riziki yenu aitie baraka.

Baba naye anakusalimu sana. Ameniagiza nikuulize, wewe mwenye intaneti, umtafutie kwa uhakika mayai ya mjusi wa ukutani huanguliwa baada ya muda gani. Nimekuuliza, kama nilivyoagizwa. Barua zako Baba husomewa barazani na yeyote anayepita, kwa hiyo nakuomba, mdogo wangu, hilo usilijibu.

Dada yako akupendaye hata akikugombeza,

Sumaiya