Kitufe Chekundu Kimekwama

Jumatatu, 6 Septemba 2004. Kitale.

Simu nyingine iliyoanguka chooni. Mwenyewe anaapa ilinyeshewa tu. Nimeifungua, nikaisugua kwa spiriti na mswaki, nikaianika juu ya monita ipate joto. Mchana ikawaka. Watu humdanganya fundi kuliko wanavyomdanganya daktari.

Nimefika kwangu Kibomet na kusoma sura ya tano ndani ya rekoda. Baba hawezi tena kusoma. Presha ya macho imemaliza jicho la pili, naye ni mwalimu mstaafu ambaye sijawahi kumwona akila bila kitabu kando ya sahani. Basi namsomea kwenye kaseti, na Mama Sikuku anayenunua vitunguu Chwele anampelekea nyumbani Kabuchai. Huko ana rekoda yake. Kitabu ni kile alichofundisha miaka yote. Jalada lilitoka kabla sijazaliwa. Sisi hukiita tu cha Perisi, yule mwanamke anayekwenda stesheni kila gari la moshi likija, kumngojea mume aliyepelekwa vitani.

Mathenge, mwenye duka, ananicheka. Ati fundi wa kompyuta bado anatumia kaseti. Acheke. Kaseti ukiizima katikati ya sentensi, kesho inaanza katikati ya sentensi hiyo hiyo. CD haina adabu hiyo. Na kipofu atajuaje upande wake?

Jumamosi, 18 Septemba 2004. Kabuchai.

Nimemletea baba mawe mapya ya rekoda, yaani betri. Yale ya zamani alikuwa ameyaanika juu ya bati yapate nguvu. Analalamika kwamba mawe yakichoka, nasoma kama mlevi.

Mzee ameharibu sura ya pili. Amefinya kitufe chekundu pamoja na kile cha kucheza, akajirekodi juu yangu. Nimesikiliza kidogo. Kuku. Kikohozi. "Papa," ndivyo anavyoniita, kama wazee wetu wote wanavyowaita vijana wao. Kikohozi tena. Sikuwa na subira. Nikarudisha nyuma, nikaisoma sura upya juu ya kelele hizo.

Halafu nikavunja vile vijino vya plastiki mgongoni mwa kaseti. Kijino kikivunjika, kitufe chekundu hakishuki hata ukikalie. Nimevunja vya kaseti zake zote, pande zote mbili, hata upande ambao hauna kitu. Kinga ni bora kuliko tiba. Nimelala vizuri.

Alhamisi, 7 Oktoba 2004

Baba ameazima simu ya jirani, akanipigia dukani.

"Papa Wekesa, hiki kitufe chekundu kimekwama."

Nikacheka. Nikamwambia hakijakwama, nimekifunga ili asinifute tena.

"Haya. Si nyinyi ndio mnajua mashine."

Nilijisikia fundi kwelikweli.

Jumapili, 24 Oktoba 2004. Kibomet.

Nimemaliza kitabu. Yaani nimefika mchwa walipoishia. Gari la moshi linapunguza mwendo, Perisi anasimama, anafunga leso vizuri, na karatasi inaisha. Kurasa za mwisho zililiwa zamani, kitabu kilipokuwa juu ya dari. Nimekasirika kama mtu aliyenyang'anywa chakula mdomoni.

Wiki yote nimetafuta. Duka la vitabu mjini hawana, na bila jina la kitabu nauliza nini? Nimejaribu mtandao pale kazini, ukurasa mmoja unafunguka huku unakunywa chai. Wanasema dunia nzima imo humo. Perisi hayumo.

Baba anaujua mwisho. Amewafundisha watoto wa watu mwisho huo mpaka akastaafu. Nimemtumia kaseti ya mwisho, vijino nimevunja kama kawaida, na mwishoni nimesema hivi: usimwambie mtu, nitakuja Krismasi unisimulie mwenyewe.

Jumanne, 9 Novemba 2004

Baba amefariki asubuhi. Moyo. Mama alimpelekea chai akamkuta amelala na viatu.

Simu ilipoingia nilikuwa nimeshika bisibisi. Nikakaza skrubu zote za simu ya mtu, moja moja, hadi ya mwisho. Sijui kwa nini. Mathenge aliichukua bisibisi mkononi mwangu, akafunga duka, akanipeleka mwenyewe stendi. Nilimshukuru kwa hilo.

Jumapili, 14 Novemba 2004. Kabuchai.

Tulimzika jana. Ratiba ya mazishi niliichapa mimi. Niliparekebisha pale kwenye picha yake mara nyingi mno, kana kwamba ikikaa sawa kuna kitu kitabadilika.

Walimu wenzake walihutubia sana. Baadaye niliwauliza kuhusu Perisi. Mmoja akasema mume alishuka, mguu mmoja hana. Mwingine akasema hapana bana, hicho ni kitabu kingine. Wakabishana wenyewe mpaka nikawaacha.

Leo tulikuwa tunaosha sufuria za matanga, mama akaniambia bila hata kuniangalia.

"Alikuwa anataka kukujibu kwa hii ledio yako. Ukimaliza kusoma, yeye anaanza kubishana na wewe. Ati umesoma halaka, ati Perisi si mjinga. Ile ya kwanza aliongea vizuri, halafu ikakataa. Hata huo mwisho wa kitabu, juzi alitaka kukuwekea. Anafinya, anafinya. Nikamwambia wachana nayo. Akasema, Wekesa amefunga."

Nilienda nyuma ya ghala la mahindi nikalia. Najichukia. Nayachukia haya maarifa yangu madogo ya kuvunja plastiki. Sauti yake ilikuwepo, nikairudisha nyuma kwa kidole changu mwenyewe.

Nimesikiliza sura ya pili yote, sikio kwenye spika, kama kuna neno lake lililobaki chini. Hakuna. Rekoda nzuri ile, hufuta safi. Ni mimi tu, mwanzo hadi mwisho. Nilisoma vibaya pia. Haraka.

Jumamosi, 25 Desemba 2004. Kabuchai.

Krismasi. Siku niliyosema nitakuja.

Mama amechinja jogoo. Tumekula wawili, tumeshindwa kummaliza. Nimemuuliza kama baba hakuwahi kumsimulia mwisho wa kile kitabu. Amesema alimsimulia mara nyingi, ila yeye alikuwa anashikwa na usingizi kabla gari halijafika.

Nimekata kipande cha selotepu, nikaziba tundu pale kijino kilipokuwa, kwenye ule upande mtupu wa kaseti ya mwisho. Ni hilo tu lililohitajika. Selotepu. Kitufe chekundu kilishuka bila kelele.

Mama aliuliza aseme nini. Nikamwambia lolote. Akafunga leso upya, akakohoa, akaisogelea rekoda kama anatuma salamu redioni.

"Papa Wekesa wa Kitale. Mimi ni mama yako, niko hapa Kabuchai. Mahindi tumeanika. Baba yako... Mimi ni mzima. Sijui wewe."

Nilikuwa nimekaa kando yake, kigoda changu kimegusana na chake. Sikukigusa kitufe. Kanda ilikuwa bado inazunguka.