Fundo la Baba Mkubwa

Mpendwa mshauri, nakuandikia kutoka huku kwetu milimani Gojal, mama akidhani nafanya kazi za shule, naomba uninusuru kabla ya Ijumaa maana nyumbani kwetu sasa hakukaliki.

Mimi najifunza kupanda miamba, tuko wasichana kadhaa, anatufundisha dada mmoja anaitwa Hasina, na jambo la kwanza alilotufundisha, kabla hata hatujagusa jiwe, ni kwamba haondoki mtu ardhini mpaka anayemshikia kamba akague fundo lake kwa mkono, awe anaanza leo au awe bingwa. Sasa siku moja watu walipokuja kututazama, baba mkubwa wangu Qudrat, ambaye amewabebea wageni mizigo kwenye milima mikubwa tangu sijazaliwa na kila mtu anamwita Simba, akasema yeye ndiye atakayetufungulia siku kwa kupanda wa kwanza, akaanza kujifunga kamba, katikati akaitwa chai, akanywa, akasalimiana na wazee, akarudi akasimama mwambani tayari kupanda, na aliyeshika kamba yake ni mimi. Nikamwambia, "Baba mkubwa, subiri kidogo nikukague." Akanitazama kama nimemtukana. "Unikague mimi? Mimi nafunga mafundo mama yako hajaolewa. Shika kamba unyamaze." Basi mshauri, sijui ujasiri nilitoa wapi, nikamfuata nikalivuta fundo lake, likanifumukia mkononi, kumbe alikuwa amelifunga nusu, ncha ya kamba ameichomeka tu kwenye mkanda wake wa kiunoni, na watu wote wakaona, wakacheka, mmoja akamwambia, "Simba, leo chai imekulewesha," na mimi nami nikacheka, nilishindwa kujizuia.

Tangu hapo kwetu hakanyagi, mkate wetu haugusi, na baba anasema sitapanda tena mpaka nikambusu mkono mbele ya watu na kutamka kwamba fundo lilikuwa zima, mimi ndiye niliyelifungua. Mama ananibembeleza, "Mwanangu, uongo wa kupatanisha ndugu si dhambi, sema tu yaishe." Lakini baba mkubwa ameshatangaza kwamba Ijumaa yeye ndiye atakayewafunga kamba wanaoanza, bila upuuzi wa kukaguana, na mdogo wangu Parizad yumo, na mimi nikisema ule uongo nani tena atathubutu kugusa fundo la mtu mzima? Nikikataa, kupanda kwangu ndiyo basi, na mimi huo mwamba naupenda, mshauri, siku nisipoupanda sili vizuri. Wananiita sina adabu. Nifanyeje? Jina langu usilifiche, kijiji kizima kinanisema kwa jina.

Nigar

Mshauri Bakhtawar anajibu:

Nigar binti yangu, pole. Uongo huo usiuseme. Si Ijumaa, si siku ya harusi yako, wala mama yako akilia machozi ya damu. Uongo wa kupatanisha ndugu naujua, hata mimi nimewahi kuusifia upishi wa wifi yangu. Huu si huo. Huu unawafundisha watoto kwamba kuangalia kamba ni utovu wa adabu.

Sasa ngoja nikugombeze. Ulipovuta fundo ulifanya kazi yako. Ulipocheka ulifanya utoto. Mtu mzima ameponea chupuchupu, mbele ya rika lake, halafu binti wa ndugu yake anamcheka? Ulipaswa kumfunga upya taratibu, umwambie "tayari baba mkubwa," na ukachekee nyumbani.

Kwa hiyo nenda kesho asubuhi, kabla hajatoka kwenda kwa mifugo yake, umbusu mkono na umwambie, "Nisamehe kwa kukucheka." Hapo hapo ukome. Akikuuliza, "Na fundo je?" mjibu, "Fundo lilikuwa nusu, namshukuru Mungu niliwahi." Atafura. Mwache afure. Hajaonewa hata kidogo, na nisisikie mtu akisema kwamba ukongwe wake ungemwokoa. Anayeanza anaogopa, anajitazama mara tatu tatu. Aliyezoea, mikono inafunga na akili iko kwenye chai. Ndiyo maana sharti ni la wote.

Wewe baba Nigar, najua safu hii unaisoma ukijifanya hujui kinachoandikwa. Binti yako alimzuia kaka yako asife. Kwa hilo unataka aombe radhi? Haya, endelea kunywa chai yako.

Hasina naye aache kujificha nyuma ya mwanafunzi. Sharti ni lake, alisimamie mwenyewe. Ijumaa ajifunge kamba, amwite Qudrat mbele ya watu wote amkague yeye kwanza, kisha yeye naye amkague Qudrat. Mzee akipewa heshima ya kukagua, huenda akavumilia kukaguliwa. Asipovumilia, hamfungi mtoto wa mtu, hata awe amebeba mlima wenyewe mgongoni.

Na baba yako akishikilia kwamba hupandi, usipande. Itakuuma, najua, na sina dawa ya hilo. Lakini Ijumaa uwepo. Vaa kofia yako ngumu, maana mawe hayaulizi nani kasamehewa, simama pale chini ya mwamba, na kila mtoto anayefungwa kamba weka mkono wako kwenye fundo lake, ulivute, uone ncha ya kamba imerudi ndani ya fundo na fundo limekaza mpaka mwisho. Parizad asiinue mguu mpaka umemgusa. Watakusukuma, watakuita majina. Usiondoke. Na wakikuuliza nani amekuruhusu, waulize ni nani kati yao atakayekwenda kumwambia mama yako kwamba Parizad ameanguka.