Mathe wa Viazi Amekataa Neno Langu

Mama, habari ya Kuresoi? Natumaini baridi imepungua. Hapa Nakuru ni vumbi tu.

Leo mwalimu wetu wa Kifaransa ametupeleka sokoni, kila mtu aeleze mtu mmoja kwa vivumishi vitatu vya Kifaransa. Nikachagua mathe mmoja, mama muuza viazi, nikaandika: mrefu, mpole, mchovu. Mwalimu akasoma, hakupata kosa.

Mathe akataka kujua nimemwandika nini. Nikamwambia kwa Kiswahili.

“Mchovu umetoa wapi? Kwani uliniuliza?”

“Hapana, mathe.”

“Basi futa.” Akainua debe lililojaa viazi, akammiminia mteja.

Nimefuta. Lakini wiki jana wewe pia nilikuandika mchovu, nikapata alama zote. Nikija nyumbani nitakuuliza kwanza.

Jifunike vizuri,
Cherono wako