Bakuli la Chumvi Lenye Tundu

Baba Neema,

Ni mwezi wa tatu tangu tukuzike, na leo nimeshika kalamu. Ulipokuwa unakwenda Kibondo kupiga disko wiki nzima hukuwahi kuniandikia hata mstari mmoja, basi leo na wewe vumilia kuandikiwa bila kujibu. Nina jambo la kukiri.

Kwanza habari za nyumbani. Kaka yako alichukua jenereta na spika siku tuliyoondoa matanga, sikubisha. Mashine ya santuri anayo Gervasi, mwenzako wa disko, maana hakuna mwingine anayejua kuiwasha. Neema amepona kikohozi. Kila jioni bado anakuwekea kiti, nami namkemea, halafu nakiacha hapo hapo.

Sasa lile jambo. Siku ya mazishi watu walikuja wengi kuliko tulivyotegemea, wa Muyama, wa Nyakitonto, hata Warundi wa kambi ya wakimbizi uliowapigia muziki kwenye harusi zao. Vyombo vikaisha. Mama Yustina, jirani yetu, akasema aliwahi kuona santuri ikilainishwa kwenye maji ya moto na kukunjwa ikawa bakuli. Nikaingia chumbani, nikafungua lile kasha la santuri ambalo hukuruhusu mtu aliguse. Zenye maandishi nikaziweka kando. Zile zenye karatasi nyeupe katikati, zisizo na jina la wimbo wala la mwimbaji, nikampa zote kumi na moja. Nilimwambia, "Hizi ni tupu."

Ni wewe uliyenifundisha hivyo. Kanda isiyoandikwa kitu ni tupu, ulisema, chukua urekodi kwaya yenu. Ningejuaje kwamba santuri ni mambo mengine? Hukuniachia hata nizipanguse vumbi. Nina hasira na wewe kwa hilo, na sitaificha eti kwa sababu umekufa.

Matundu tuliyaziba kwa vipande vya gunzi. Watu wakala karanga na mahindi ya kuchemsha humo, wakasifu vyombo, wengine wakaondoka navyo.

Juzi Gervasi akaja. Akauliza, "Shemeji, zile nyeupe ziko wapi?" Nilipomwambia alikaa kwenye mkeka, akashika kichwa. Ndipo nikajua. Kumbe ndizo alizokuachia yule kijana Mwingereza aliyekuwa akichimba visima kambini, alipomaliza kazi yake. Anasema huko kwao watengenezaji wa nyimbo hizo walitoa santuri chache tu, wakawapa wapiga disko wazijaribu kwa wachezaji kabla ya kuchapa majina. Nyingine hazikuchapwa tena. Huenda zilizobaki duniani zinahesabika kwa vidole, na sisi tumezifanya mabakuli ya karanga.

Kumbe ni ule muziki wa ngoma zinazokimbia kama zimefukuzwa na nyuki. Nakumbuka ulivyoupiga mara ya kwanza kwenye harusi ya Muyama. Bibi mmoja aliuliza, "Ibi ni ibiki?" yaani, hivi ni vitu gani? Ukapunguza mwendo wa mashine mpaka ngoma zikaanza kutembea, na yule bibi akainuka akacheza. Tangu siku hiyo watu wa huku waliujua hivyo hivyo, wa polepole. Mwingereza wako aliposikia alicheka mpaka akatoa machozi.

Na nakumbuka ile sherehe ya Nyakitonto. Uliniita kutoka jikoni, mikono yangu ina unga, tukacheza ule wimbo ambao mwanamke anarudia neno moja tu na halimalizi. Nikakuuliza unaitwaje. Ukasema, "Hauna jina. Nimeupa lako." Nikakujibu kwamba maneno hayo umewaambia wasichana wote wa Kibondo. Sikukuamini, mume wangu. Ulikuwa na uongo wako mdogo mdogo, nikadhani na huo ni mmojawapo.

Gervasi alipoondoka nilitafuta. Hapa nyumbani limebaki bakuli moja tu, tulikuwa tunawekea chumvi. Nilimwaga chumvi, nikang'oa gunzi. Karatasi ilishabanduka kwenye yale maji ya moto. Karibu na tundu, pale palipo peusi na laini, kuna herufi zimekwaruzwa kwa sindano, zimeinama upande mmoja kama mwandiko wako. Chumvi ilikuwa imeingia ndani yake, ndiyo maana zilisomeka. Stefania.

Sikupika siku ile. Neema alikula kwa Mama Yustina.

Sasa nakuahidi. Nitapita nyumba kwa nyumba, hata Muyama nitafika, niyakusanye mabakuli yaliyochukuliwa. Gervasi anasema hayatapigika tena, na mimi nimeona yalivyojikunja, najua. Lakini hakuna mtu atakayekula tena humo. Hili langu nimelifunga kwenye ile kanga ya harusi yetu. Neema akikua na kuuliza, nitamwambia ukweli, na aibu yangu nitaibeba mwenyewe.

Pumzika, Baba Neema. Usinisubiri mapema, mtoto bado mdogo. Nilikuwa nalalamika kwamba hukuwahi kuniandikia. Uliniandikia, nami nikaichemsha barua kabla sijaisoma.

Mkeo,
Stefania