Kopo Limeandikwa 400

Jumapili, 18 Aprili 1993

Agness kavaa! Mwezi mzima mdogo wangu hatoki chumbani, leo kaamka anadai maji ya moto, mafuta, na lile gauni lake jeupe la kwaya. Limempwaya. Nimelibana mgongoni kwa pini. Anasema, dada, nipige picha na Happyness, mwanangu aje ajue mama yake alikuwa na uso. Asije akaonyeshwa mifupa. Nikamwambia aache upuuzi. Halafu nikaenda jikoni nikajifanya natafuta kiberiti.

Nimepigia barazani, kivulini. Mita ya kupimia mwanga kwenye kamera ilishakufa, betri yake sijaiona Kilosa wala Morogoro, kwa hiyo hesabu ni za kichwani. Filamu ya 400, jua kali: tundu la lenzi 16, spidi 500. Kivulini naongeza mwanga hatua tatu. Nikaweka tundu 8, spidi 250. Picha sita. Ile ya mwisho Happyness kamvuta mama yake pua, Agness kacheka. Kacheka kweli!

Kalala mpaka jioni. Anasema hapigwi tena, zile zinatosha.

Jumatatu, 19 Aprili

Mvua. Hakuna mteja wa picha hata wa kudanganyia. Agness kautapika uji. Jirani kauliza ni homa gani hii isiyokwisha, maana hata kwa marehemu Donati ilianza hivi hivi. Nikamwambia akaanue nguo zake. Lakini naogopa. Donati alikuwa mume wa Agness.

Jumanne, 20 Aprili

Mikumi. Ee Mungu wangu.

Nilikwenda kumpiga picha mama yake Masunga, yule mfugaji wa Tindiga. Bibi kesho anapandia basi hapo Mikumi kurudi Shinyanga, na mwanawe anataka abaki na sura yake. Nimemwamkia bibi shikamoo, marahaba, nimeingiza mkono kwenye mkoba nitafute kitambaa cha lenzi — nikatoka na kipande cha plasta. Kimeandikwa 100. Mwandiko wangu.

Plasta ilibanduka kwenye kopo la filamu! Kopo limeandikwa 400, lakini tumboni nilijaza 100. Enzi zile filamu haionekani, sote tulikuwa tunanunua ile ya mkebe mkubwa, tunaikata, tunajaza makopo ya zamani. Sasa biashara imefunguliwa, dukani zimepangwa hadi juu, na mimi bado najaza makopo. Ubahili huu utaniua.

Filamu ya 100 inataka mwanga mara nne ya ule wa 400. Pale barazani ilitakiwa 8 kwa 60, mimi nimepiga 8 kwa 250. Agness kapata robo. Robo! Na robo hiyo haipungui kwa usawa. Gauni jeupe litatoka tu. Uso wetu huu mweusi, kivulini, ndio unaotangulia kupotea. Nimepiga gauni lisilo na mtu.

Nikageuza hesabu ikae ya 100, nikampiga bibi nne juani, 16 kwa 125. Masunga ananiuliza, mama, mbona unatoka jasho na mvua ndiyo kwanza imekata?

Kwenye gari la kurudi ndipo akili ikanirudia. Mjinga mimi! Ningeiacha hesabu ya 400 vile vile. Filamu nzima ingekuwa na kosa moja, ningeiweka kwenye dawa ya kusafishia muda mrefu, ikapanda yote, picha zikakolea. Sasa Agness na bibi wako kwenye mkanda mmoja. Nikimwacha Agness ndani ya dawa apande, bibi anaungua. Nikimtoa bibi mapema, Agness hayupo.

Jumatano, 21 Aprili

Kauliza mara mbili. Dada, umeshazisafisha? Nimesema chumba cha giza kinavuja. Hakivuji.

Nimejaribu. Nikamwambia, mdogo wangu, tupige moja nyingine, leo kuna mwanga mzuri. Kageukia ukutani. Midomo imepasuka, nywele zinabaki kwenye mto. Ile ya Jumapili ndiyo mimi, kasema. Hii usiiguse.

Sina jingine. Nitaukata mkanda, kila mmoja akae kwenye dawa kwa muda wake.

Ijumaa, 23 Aprili

Tangu asubuhi nafanya mazoezi na filamu mbovu, macho nimefumba, mkasi mkononi. Nimekata kijiti cha kupimia, chenye urefu wa picha sita pamoja na kile kipande cha mwanzo. Mara nyingine mkasi unaangukia kwenye nafasi iliyo kati ya picha na picha. Mara nyingine unapita katikati ya picha. Picha ya sita ndiyo ile ya kicheko, na iko mpakani na bibi.

Mchana nikaingia gizani. Nikashindwa. Nikatoka. Nikaingia tena, nikapima, nikakishika kijiti — kisha nikasogeza mkasi kidole kizima upande wa bibi. Bibi ana nne, atabaki na tatu. Masunga anisamehe. Mungu naye.

Nimekata.

Jumamosi, 24 Aprili

Usiku Agness kahema vibaya, sikulala. Asubuhi nimechanganya dawa mpya, nimeipoza kwa maji ya mtungi. Kipande chake kiko ndani ya tangi sasa hivi. Naandika huku natikisa. Najiuliza kama Jumapili ile lilipita wingu. Nakumbuka jua kwenye bati la jirani. Au hilo lilikuwa baadaye? Kama lilipita wingu, kwisha habari yetu.

Nimemwaga dawa, nimetia ile ya kukazia, nimeosha. Nimefungua.

Nimeuning'iniza mkanda dirishani. Mkasi ulipita salama. Gauni lipo, jeusi tii, ndivyo linavyotakiwa kuwa kwenye filamu, ambako cheupe hugeuka cheusi. Mkono wa Happyness upo, unavuta. Unavuta nini? Juu ya kola ni peupe, patupu. Naona kivuli chembamba, huenda ni shavu. Huenda ni tone la maji. Ikiwa bado mbichi haisomeki, lazima ikauke.

Agness kaniita kutoka chumbani, sauti ndogo. Dada, nimetoka?

Umetoka, nimemjibu. Umetoka vizuri sana.

Mkanda bado unadondosha maji. Sasa nasikia kitanda kinalia. Tangu Jumapili hajashuka peke yake.

Nasikia ndala zake. Anakuja kuona.