Shingo Iliyoinama Kushoto

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Huku tu wazima, ila paka amezaa juu ya gunia la udongo na sina moyo wa kumhamisha.

Sanamu zangu sasa zinagombewa kabla hazijakauka. Wanaozikusanya hutazama kwanza kama shingo imeinama kushoto. Ikinyooka, wanasema si kazi yangu. Mwenye duka la sanaa anaiita falsafa. Ni wewe tu yule, jikoni, ukinitegea sikio lako moja lililokuwa zima, wakati nyumba nzima imeshachoka na porojo zangu.

Mwanao ameniambia sikio hilo nalo limezima. Ndiyo maana sikupiga simu. Nililia kidogo, nikanawa mikono, nikarudi kwenye udongo.

Nimefinyanga mwanamke anayesoma barua, shingo imenyooka. Mwenye duka ameikataa. Afadhali, maana haiuzwi. Ni yako, naileta mwenyewe Jumamosi.

Asante kwa kunisikiliza mpaka nikawa mtu. Nikifika nitakaa karibu yako, niinamishe shingo, na safari hii utasimulia wewe.

Ni mimi,
Kasuku wako